Gari la umeme linamaliza chaji upesi: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kWh (kilowati-saa) 9. Maana yake ni kwamba betri ya kWh 60, ambayo inatosha kabisa gari la familia, imebeba nishati isiyofika hata lita saba za petroli. Gari linalotembea kilomita 350 kwa akiba ndogo kiasi hicho halina cha kupoteza. Injini ya petroli hutupa kiasi cha theluthi mbili ya nishati yake kama joto, na ndani ya hasara hiyo kubwa makosa ya dereva hujificha vizuri tu. Mota ya umeme haina pa kuyaficha. Keria juu ya paa, upepo wa mbele, mguu mzito: vyote vinaonekana kwenye dashibodi siku hiyohiyo.

Ndiyo maana mwenye gari la umeme huanza kulalamika mapema, na mara nyingi hulaumu kitu kisichohusika. Nimeona watu wakizima redio na taa za ndani huku wakikimbia kilomita 130 kwa saa. Kabla ya kuzima chochote, jiulize matumizi unayoyashuku yanahesabiwa kwa kipimo gani. Mengine hulipwa kwa kila kilomita: hewa unayoisukuma na tairi zinazoviringika. Mengine hulipwa kwa kila saa, gari likienda au likisimama: hita, kiyoyozi, kompyuta. Mengine hulipwa kila unaposimama na kuondoka, na mengine kwa kila mita unayopanda. Dalili ikishaingia kwenye kundi lake, washukiwa hubaki wachache.

Kabla ya kushuku kitu, pata namba mbili

Namba ya kwanza ni matumizi ya wastani, yaani kWh kwa kilomita 100. Magari mengine huonyesha Wh (wati-saa, ambazo 1,000 ni kWh moja) kwa kilomita. Gawanya kwa 10, kwa hiyo Wh 150 kwa kilomita ni kWh 15 kwa kilomita 100. Rudisha kipima safari kwenye sifuri, endesha kwa wiki moja kama kawaida yako, kisha soma. Gari dogo au la wastani likicheza kati ya 13 na 18 halina ugonjwa. Gari kubwa lenye bodi ndefu kwenda juu linaweza kupita 20 na bado likawa zima.

Namba ya pili ni uwezo halisi wa betri. Chukua safari iliyokula sehemu kubwa ya chaji, tuseme kutoka asilimia 90 hadi 40, uangalie ilitumia kWh ngapi. Ikiwa ni 27, basi nusu ya betri ni 27 na betri nzima inatoa kama 54. Usifanye hesabu hii kwa safari iliyotumia asilimia 5 tu. Kosa dogo la kipimo litakupa jibu la ajabu.

Namba hizi mbili ndizo zinazogawa njia. Matumizi yakiwa palepale huku uwezo umeshuka, tazama betri. Uwezo ukiwa palepale huku matumizi yamepanda, iache betri ipumzike. Chanzo kiko barabarani, kwenye hali ya hewa, kwenye tairi au kwenye mguu wako.

Dalili: umbali uliobaki kwenye dashibodi umeshuka, lakini matumizi hayajabadilika

Kilomita zinazoonyeshwa pembeni ya alama ya betri ni makisio. Gari hutazama ulivyoendesha hivi karibuni, hudhani utaendelea vivyo hivyo, kisha hupiga hesabu. Ukishuka kutoka safari ya barabara kuu kwa mwendo mkali, ukachaji hadi mwisho, namba itakuwa ndogo. Wiki moja ya mizunguko ya mjini itaipandisha tena, na betri haijaguswa. Ushauri wangu ni kuweka dashibodi ionyeshe asilimia badala ya kilomita. Utapungukiwa na wasiwasi.

Iwapo hesabu ya uwezo inaonyesha kweli betri inatoa kidogo, kuna vyanzo vitatu vya kuangalia kwa mpangilio huu. Cha kwanza ni baridi: betri iliyopoa hutoa kidogo kwa muda, na hurudi ikipata joto. Cha pili ni kipimo kilichopoteza mwelekeo, hasa kwenye betri za aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti). Volti ya seli hizi haibadiliki sana kutoka karibu kujaa hadi karibu kwisha, hivyo kompyuta hushindwa kujua hasa imebaki kiasi gani. Dawa yake ni kuichaji hadi asilimia 100 mara kwa mara kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Betri za lithiamu zenye nikeli hazihitaji hivyo, na kuzijaza kabisa kila siku huzizeesha. Cha tatu ni uchakavu wenyewe. Betri nyingi za kisasa hupoteza kiasi cha asilimia 1 hadi 3 ya uwezo kwa mwaka, zaidi kidogo mwanzoni. Ikishuka asilimia 10 ndani ya miezi michache, hapo kuna seli yenye tatizo.

Dalili: mjini gari halina shida, barabara kuu linamaliza chaji

Hili ndilo lalamiko linalowashangaza wanaotoka kwenye petroli, kwa sababu kule barabara kuu ndiko gari lilikokuwa likiokoa mafuta. Kwenye umeme mambo yamegeuka, na sababu kubwa ni hewa.

Nguvu ya kusukuma hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakukinza mara nne. Chukua gari la wastani la kilo 1,800 lenye umbo la kawaida, barabara tambarare, pasipo upepo. Hesabu ya fizikia inatoa hivi, kwa Wh kwa kila kilomita:

| Mwendo (km/saa) | Hewa | Tairi |
|---|---|---|
| 50 | 19 | 49 |
| 70 | 38 | 49 |
| 90 | 62 | 49 |
| 110 | 93 | 49 |
| 130 | 130 | 49 |

Angalia tairi: kodi yake ni ileile kwa kila kilomita. Hewa ndiyo inayopanda. Kwa kilomita 50 kwa saa tairi zinakula zaidi ya hewa mara mbili na nusu. Kwa 130 hewa inakula karibu mara tatu ya tairi. Ongeza hasara za mota na vifaa, utapata gari hilo linatumia kama kWh 13 kwa kilomita 100 likienda 90, na kama 20 likienda 130. Betri ni ileile, ila umbali umepungua kwa zaidi ya theluthi.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halina gharama. Njia ileile, hali ya hewa ileile, punguza mwendo kutoka 110 hadi 90. Kwa kila kilomita 100 utachelewa dakika 12 na utaokoa zaidi ya kWh 3. Namba ikishuka kama ilivyotarajiwa, gari lako ni zima na jawabu umeshalipata. Na kama safari ni ndefu kiasi cha kuhitaji kusimama kuchaji, dakika hizo 12 huenda ungezipoteza kwenye chaja vilevile.

Namba isiposhuka, au ikiwa juu hata kwa 90, tafuta kinachoongeza hewa. Upepo wa mbele ndio mshukiwa ambaye dereva hamwoni. Hewa haijali mwendo wa gari barabarani. Inajali mwendo wa gari ukijumlisha wa upepo. Ukienda 90 huku upepo unakuja na 20, gari linakinzwa kama linalokwenda 110 palipotulia: Wh 93 badala ya 62. Safari ya kwenda ikiwa ghali na ya kurudi ikiwa rahisi ajabu, kwenye njia isiyo na mwinuko, ni upepo. Usipeleke gari kwa fundi.

Keria ya paa ni mshukiwa wa pili, na inafaa kulaumiwa hata ikiwa tupu. Sanduku la mizigo juu ya paa huweza kupandisha matumizi ya barabara kuu kwa asilimia 10 hadi 25 kutegemea umbo lake. Ukishamaliza safari, livue. Mizigo ikitosha kwenye buti, iweke kwenye buti. Uzito wenyewe hausumbui kama watu wanavyodhani: kilo 100 za ziada huongeza kiasi cha Wh 3 kwa kilomita kwenye tambarare. Kukokota trela ni habari nyingine kabisa. Trela pana na refu kwenda juu linaweza kuongeza matumizi mara mbili, na hilo ni la kupangia safari tu.

Madirisha: mjini yafungue upendavyo, barabara kuu yafunge uwashe kiyoyozi. Na kujificha nyuma ya lori ili likukinge hewa kunaokoa chaji kweli, lakini umbali unaohitajika kwa jambo hilo ni umbali ambao huwezi kufunga breki kwa wakati. Lisahau.

Dalili: safari fupi na foleni zinakula kuliko safari ndefu

Hapa tuko kwenye kodi ya saa. Tuseme hita au kiyoyozi kinavuta kilowati 2. Ukienda kilomita 100 kwa saa, hiyo ni Wh 20 kwa kila kilomita, na huenda usiihisi. Ukitambaa kwenye foleni kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, ni Wh 100 kwa kilomita, yaani zaidi ya tairi na hewa zikijumlishwa. Kifaa kilekile, bei yake mara tano.

Ndiyo sababu dashibodi huonyesha namba za kutisha dakika kumi za kwanza za safari. Kiyoyozi kinapambana na kabati (sehemu ya gari wanamokaa watu) lililochomwa na jua, au hita inapambana na baridi ya usiku, na gari halijatembea kilomita za kutosha kuigawa gharama hiyo. Ukiegesha, ukarudi baada ya saa mbili, unaanza upya. Mizunguko mitano ya kilomita tatu haina hesabu moja na safari moja ya kilomita 15, hata kama njia ni ileile.

Tiba iliyo bora ni kulipoza au kulipasha gari joto likiwa bado kwenye chaja, dakika chache kabla ya kuondoka. Umeme huo unatoka ukutani na betri inabaki nzima. Magari mengi huruhusu hili kwa programu ya simu au kwa kupanga saa ya kuondoka. Ya pili ni kuegesha kivulini na kuunganisha mizunguko midogo kuwa mmoja. Ya tatu, kwa wenye baridi, ni hita ya kiti na ya usukani: kiti hutumia wati 50 hadi 100, wakati hita ya hewa ya kabati huweza kuvuta kilowati kadhaa inapoanza.

Ama kuhusu redio, taa na kuchaji simu, viache vifanye kazi. Hata vyote kwa pamoja havifikii robo ya kinachotumiwa na kiyoyozi kinapoanza kupoza gari lililokuwa juani.

Dalili: matumizi yamepanda tangu msimu ulipobadilika

Baridi humgusa dereva wa gari la umeme kwa njia nyingi kwa mkupuo, na hapo ndipo hofu huanza. Injini ya petroli hupasha kabati kwa joto ambalo lingetupwa. Gari la umeme lazima litengeneze joto hilo kwa chaji. Hita ya waya hutoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme. Pampu ya joto hutoa mbili hadi tatu, ingawa faida hiyo hupungua baridi inapozidi. Kama unanunua gari la kutumia kwenye baridi, hiki ndicho kifaa cha kuulizia kwanza, kabla ya rangi na ukubwa wa skrini.

Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilichapisha vipimo vya magari matano ya umeme. Kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri za Selsiasi, hita ikiwa imewashwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 41. Hita ikiwa imezimwa ulipungua kwa 12 tu. Tofauti hiyo inasema wazi nani mlaji. Kwenye nyuzi 35 kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi umbali ulipungua kwa asilimia 17, na bila kiyoyozi kwa 4.

Mbali na hita, baridi hula chaji kupitia betri iliyopoa, tairi na hewa. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni nzito kwa kiasi cha asilimia 11 kuliko ya nyuzi 20, na uzito huo unausukuma kila kilomita. Upepo wa tairi nao hupungua kwa karibu psi 1.7 kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Mvua pia ina sehemu yake, kwani tairi hulazimika kusukuma maji pembeni, na gari linalotumia chaji kidogo kwenye lami kavu huonyesha namba mbaya siku ya mvua bila kasoro yoyote.

Kwa upande mwingine, miinuko mirefu kutoka usawa wa bahari ina fadhila yake. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 14, na gari la barabara kuu hunufaika. Injini ya petroli hukosa pumzi huko. Mota ya umeme haivuti hewa, haijali.

Dalili: breki ya kurejesha umeme imekuwa dhaifu au haishiki

Mara nyingi sana betri imejaa. Umeme unaozalishwa unapopunguza mwendo lazima uwe na pa kwenda, na betri ya asilimia 100 haina nafasi. Anayeishi juu ya mlima akajaza betri usiku, asubuhi anateremka akifunga breki za kawaida na kutupa kWh nzimanzima. Achaji hadi 80 au 85. Sababu ya pili ni betri baridi: seli zilizopoa hazipaswi kupokea umeme kwa kasi, kwa hiyo kompyuta huubana. Baada ya kuendesha kwa muda hali hurudi. Barabara inayoteleza nayo hufanya gari lipunguze kurejesha umeme ili magurudumu yasifungane.

Kama betri iko asilimia 60, hali ya hewa ni ya kawaida, na bado haishiki, angalia mpangilio kwenye menyu kabla ya kitu kingine. Masasisho ya programu na mtu mwingine aliyeliendesha gari hubadilisha mpangilio huo bila kukuaga.

Sasa tabia. Gari letu la kilo 1,800 likifika kilomita 50 kwa saa limebeba Wh 48 za mwendo. Ukisimama kwa breki za kawaida, zote zinageuka joto la diski. Ukisimama kwa breki ya kurejesha, tuseme theluthi mbili zinarudi, unapoteza 16. Simama mara tatu kwa kilomita moja, na tofauti kati ya dereva wa kwanza na wa pili ni karibu Wh 100 kwa kilomita. Hapa ndipo gari moja likipewa watu wawili hutoa namba mbili zisizofanana.

Magari mengi ya sasa hutumia breki ya kurejesha kwanza hata ukikanyaga pedali ya breki, mradi ukanyage taratibu. Kanyagio la ghafla ndilo linaloamsha pedi. Lakini pia tusizidishe sifa za kurejesha umeme: umeme unaotoka kwenye magurudumu kwenda betri na kurudi tena hupungua kila hatua. Bora kuliko kurejesha ni kutopoteza. Ukiona taa nyekundu mbali, achia mapema gari lijiviringie. Ukiondoka, ondoka kwa nguvu ya wastani. Kutambaa kama konokono hakuna faida kubwa kwa gari la umeme, na walio nyuma yako watakupigia honi bure. Kinachoua ni kuongeza mwendo kwa fujo halafu kufunga breki mita 200 mbele.

Hali ya kubana matumizi (Eco) kwenye menyu husaidia kwa sababu hulegeza pedali na kubana kiyoyozi. Mwenye mguu mtulivu ataona tofauti ndogo.

Dalili: kupanda mlima kumekula chaji ambayo kushuka hakukuirudisha

Ni sawa, haitarudi yote. Kupandisha gari hilohilo mita 100 kwenda juu kunahitaji nusu kWh. Mita 1,000 ni kama kWh 5, bila kujali mwendo wala urefu wa njia. Kushuka hurudisha sehemu kubwa, tuseme kWh 3, kama betri ina nafasi na hufungi breki za pedi. Makisio ya umbali huwa hayana maana juu ya mlima. Hesabu kwa mita za kupanda, kisha uongeze matumizi ya kawaida. Kruzi kontroli iliyowekwa mwendo mmoja inafaa tambarare. Milimani itakazana kushikilia mwendo uleule kwenye kila mpando, hivyo izime, uache mwendo ushuke kidogo ukipanda.

Dalili: matumizi yamepanda kila siku, kila njia, kila hali ya hewa

Hii ndiyo dalili inayostahili kulitazama gari lenyewe. Anza na kinachogusa lami.

Pima upepo wa tairi asubuhi kabla ya kuendesha, ufuate kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni ya juu kabisa inayovumilika. Tairi likipungukiwa upepo kwa robo, ukinzani wake unaweza kupanda kwa zaidi ya asilimia 10, na macho hayatakuonyesha kwa sababu tairi za magari mazito zina kuta ngumu.

Umebadilisha tairi karibuni? Basi umeshapata mshukiwa mkuu. Magari ya umeme hutoka kiwandani na tairi zilizotengenezwa kuviringika kwa urahisi. Tairi za bei nafuu, za kashata kubwa au pana kuliko za awali zinaweza kuongeza kWh moja au zaidi kwa kilomita 100. Hata tairi mpya za aina ileile huwa nzito kidogo kuliko zile ulizotoa zikiwa zimelika, na hulainika baada ya muda. Rimu kubwa za urembo ni gharama ya kudumu. Kuna na mtego mmoja: tairi lenye mzingo mkubwa kuliko la awali hulifanya gari lihesabu kilomita pungufu, hivyo matumizi yataonekana yamepanda kuliko uhalisia.

Halafu alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu. Tairi zinazolika upande mmoja, usukani unaokaa upande wakati gari linanyooka, au gari linalovuta pembeni: tairi zinaburuzwa badala ya kuviringika. Shimo moja kubwa linatosha kuivuruga.

Mwisho breki zinazoshika. Kwenye gari la umeme pedi hutumika kidogo, na kifaa kisichotumika huota kutu. Pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, hukauka, pedi inabaki imegusa diski. Kulitambua, endesha kama nusu saa huku ukiepuka breki za pedi kadiri inavyowezekana na kwa usalama, egesha mahali tambarare, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu pasipo kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko nyenzake, ndiyo hiyo. Kuzuia hali hii, mara moja moja kwenye barabara tupu funga breki ya nguvu kidogo ili diski zisuguliwe.

Dalili: chaji inapungua gari likiwa limeegeshwa

Asilimia 1 kwa siku kadhaa haina neno. Ikipungua kadhaa kwa usiku mmoja, kuna kitu hakilali. Kamera za ulinzi zinazorekodi muda wote huvuta kama wati 250, na hiyo ni kWh 6 kwa siku, umbali wa kilomita 40 hivi. Kuzinduazindua gari kwa programu ya simu ili kutazama chaji imefika wapi nako huiamsha kompyuta yote. Betri ndogo ya volti 12 ikichoka, betri kubwa huamka mara kwa mara kuichaji. Badilisha hiyo ndogo kabla haijakuacha njiani.

Dalili: mita ya umeme inasoma uniti nyingi kuliko gari linavyosema

Dashibodi huhesabu kilichotoka kwenye betri, mita huhesabu kilichotoka ukutani, na katikati kuna hasara. Gari likisema 40 na mita ikisema 45 au 46, ni kawaida. Ukichaji kwa soketi ya kawaida pengo hukua, kwa kuwa kompyuta na pampu za gari huvuta wati 200 hadi 300 muda wote wa kuchaji. Kwenye chaja ya kilowati 2 hiyo ni zaidi ya asilimia 10. Kwenye ya kilowati 7 ni 3 au 4. Pengo likipita robo, tafuta waya mwembamba, soketi inayopata moto au plagi iliyoungua, na acha kuchaji hapo hadi fundi umeme aione.

Dalili: gari halijawahi kufikia umbali wa kwenye tangazo

Uliza namba hiyo ilipimwa kwa utaratibu gani. WLTP ya Ulaya, iliyoanza 2017, ina wastani wa kilomita 46.5 kwa saa na hupimwa kwenye nyuzi 23. CLTC ya China ina wastani wa kama 29, hivyo namba zake ni nono zaidi. JC08 ya zamani ya Japani, hata mwendo wake wa juu kabisa haukufika kilomita 82 kwa saa. Namba za EPA ya Marekani hupunguzwa makusudi ili zikaribie uendeshaji wa kawaida, na kati ya hizo ndizo ninazoziamini kwa barabara kuu.

Lini ulipeleke kwa fundi

Uwezo umeshuka ghafla, rimu moja inachemka, asilimia zinaruka kutoka 30 hadi 15 bila safari, au matumizi yamepanda baada ya kukagua tairi na kupunguza mwendo. Nenda na namba zako mbili, tarehe zilipoanza kubadilika, na kilichofanyika kwenye gari kabla ya hapo. Ukisema tu "linakula chaji", utaanziwa betri, kifaa ghali kuliko vyote. Omba upewe kwa maandishi afya ya betri kama kompyuta ilivyoisoma, na tofauti ya volti kati ya seli yenye volti ya juu kabisa na yenye volti ya chini kabisa, ikipimwa chaji ikiwa chini ya asilimia 20, maana hapo ndipo seli dhaifu hujitenga na nyingine.